Bonde moja, halmashauri nne, mifuko minne

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, habari ya kwanza huwa Jangwani. Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husitisha safari za kuingia katikati ya jiji, na abiria hushushwa Magomeni wajitafutie njia, wengine wakivushwa mgongoni kwa malipo. Maji yakishapungua, kinachobaki barabarani ni tope zito, mchanga, chupa za plastiki na matawi ya miti. Mitambo huletwa kuzoa mchanga uliojaa chini ya daraja, njia hufunguliwa, na jiji huendelea na shughuli zake mpaka mvua nyingine. Mchanga huo ndio ushahidi wangu wa kwanza, kwa sababu haukuzaliwa Jangwani. Umesombwa kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti, viwanja vilivyochongwa ili kujengwa nyumba na njia za mitaani zisizo na mitaro, huko juu ya mto ambako wanaouzoa hawana mamlaka.

Mto Msimbazi una urefu wa takriban kilomita 35. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, unakatiza katikati ya vitongoji vya Dar es Salaam na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea vijito kutoka upande wa Ubungo, na sehemu yake ya chini ndiyo mpaka kati ya Ilala na Kinondoni. Kwa hesabu ya utawala, bonde hilo moja limo mikononi mwa halmashauri nne: Kisarawe, Jiji la Dar es Salaam ambalo wengi bado wanaliita Ilala, Ubungo na Kinondoni. Kila moja ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake, bajeti yake na vipaumbele vyake. Hoja yangu ni kwamba ushirikiano wa halmashauri hizi katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi utabaki kuwa maneno mpaka uwe na mfuko mmoja unaochangiwa kwa mujibu wa sheria, na mpaka sehemu ya fedha za walio chini ya mto iende kwa walio juu yake.

Wapo wanaosema kwamba mafuriko ya Msimbazi hayahusiani na tabianchi, ni uchafu na ujenzi holela tu. Ni kweli kwamba uchafu na ujenzi holela vimechangia sana, lakini hesabu ya mvua nayo imebadilika. Desemba 2011 jiji lilipigwa na mvua ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha na mamia ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 mafuriko yalirudi, na tathmini ya Benki ya Dunia ikakadiria kwamba hasara kwa kaya ilizidi dola milioni 100 za Marekani. Baada ya mvua za vuli za 2023, zilizoharibu makazi na miundombinu kuanzia Somalia hadi Tanzania, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilikuwa limeikoleza mvua ile hadi mara mbili. Hakuna diwani anayeweza kupunguza mvua. Lakini mtaro, dampo, kibali cha ujenzi, machimbo ya mchanga na msitu wa akiba wa kijiji ni mambo yanayopita mezani kwa madiwani. Tabianchi huzidisha madhara ya kile ambacho halmashauri imekiachia, na ndiyo maana hoja ya uchafu haiondoi hoja ya ushirikiano, bali inaipa nguvu.

Ukuta wa huku, mafuriko ya kule

Tazama kinachotokea kila upande unapojitetea peke yake. Wakazi wa ukingo mmoja hupanga viroba vya mchanga na matairi chakavu kuzuia maji yasile msingi wa nyumba. Wenye uwezo hujenga kuta za gabioni. Maji yaliyozuiwa hapo hayapotei. Yanasukumwa ng'ambo, yanaanza kuumega ukingo wa pili, na kwa kuwa mto ndio mpaka, ukingo huo wa pili uko kwenye halmashauri nyingine. Halmashauri iliyo juu ikisakafia mitaro yake vizuri, maji ya mvua yaliyokuwa yanachukua saa kadhaa kufika bondeni sasa hufika kwa muda mfupi na kwa wingi mmoja. Mhandisi wa mtaro huo amefanya kazi yake sawasawa, mkandarasi amelipwa kihalali, na jirani wa chini amefurika. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kuuliza swali moja kabla mkataba haujasainiwa: maji haya yataishia wapi?

Taka nazo zina hadithi hiyohiyo. Jiji zima limekuwa likitegemea dampo la Pugu Kinyamwezi, lililo ndani ya Ilala. Gari la taka linalotoka Kinondoni au Ubungo linapaswa kukatiza foleni za jiji mpaka huko, na kila kilomita inayoongezeka ni dizeli, ni muda, ni sababu ya mzoataka wa mtaani mwenye mkokoteni kuona korongo la jirani ni karibu zaidi. Taka inayotupwa korongoni Ubungo mwezi wa pili ndiyo inayoziba kalavati la Kigogo mwezi wa nne. Ukimwajibisha bwana afya wa Kigogo kwa kalavati lililoziba, umemwadhibu aliyepokea ukamwacha aliyetuma.

Juu kabisa ya mto ndiko mambo yanapokuwa magumu zaidi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, inayozishikilia chemchemi za mto, imeliwa kwa miaka mingi na mkaa, na soko la mkaa huo ni majiko ya Dar es Salaam. Kisarawe ni halmashauri ya vijijini yenye mapato madogo. Ikizuia mkaa, mashamba mapya na uchimbaji mchanga, inakosa ushuru, inaongeza gharama za doria na inagombana na wapiga kura wake. Anayefaidi ni mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye duka lake halikuingia maji na abiria wa mwendokasi aliyefika kazini kwa wakati. Kuiambia Kisarawe itunze msitu kwa uzalendo tu, bila kuilipa chochote, ni kuitaka halmashauri maskini iigharimie halmashauri tajiri. Wapangaji wa nyumba moja wanaotumia mita moja ya LUKU wanaijua vizuri shida hii: hakuna anayebisha kwamba umeme ni wa wote, ugomvi huanza pale uniti zinapokwisha na mwenye friji anamtazama mwenye balbu moja.

Jiji lililovunjwa

Dar es Salaam imewahi kuwa na chombo cha kuziunganisha halmashauri zake. Kuanzia mwaka 2000, baada ya Tume ya Jiji kumaliza muda wake, kulikuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni zilizozaliwa mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa kushughulikia mambo yanayovuka mipaka ya manispaa, likiwamo dampo la Pugu. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito: chombo hicho hakikuwa na eneo lake, madiwani wake walitoka katika manispaa zilezile, na gharama za kukiendesha zilibebwa na manispaa ambazo hazikuona zinapata nini. Wananchi hawakuandamana kukililia. Hata hivyo, kuvunja chombo hakukuvunja tatizo. Mto uliendelea kupita katika halmashauri zilezile, sasa zikiwa hazina meza ya pamoja iliyowekwa na sheria.

Funzo la kisa hicho ni pana kuliko siasa za mwaka ule. Chombo cha uratibu kinachoishi kwa posho na vikao, kisicho na kazi moja inayopimika, hufa bila kuzikwa kwa heshima. Kwa hiyo anayetaka ushirikiano leo asidai kurudishwa kwa jengo, meya na magari. Adai chombo chembamba chenye kazi moja, yaani bonde, na chenye fedha ambazo kila mchangiaji anaweza kuona zilikokwenda.

Kuna watakaosema kwamba kazi hiyo tayari inafanywa na Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, chini ya TAMISEMI na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mradi huo ni mkubwa na unastahili sifa. Umelipa fidia wakazi wa maeneo hatarishi, unaandaa daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana ya mabasi iliyokuwa inafurika kila msimu. Ubora wake wa kwanza ulikuwa ni namna ulivyopangwa: mwaka 2018 wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi waliketi meza moja kwa miezi kadhaa kulichora upya bonde lote kama kitu kimoja. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, mto hauna. Mchanga utaendelea kushuka baada ya mkandarasi kuondoka, na daraja refu kuliko yote hujaa iwapo miteremko ya juu itaendelea kuvuliwa miti. Fedha za ujenzi zinaweza kukopwa Washington. Fedha za kuzoa, kupanda, kulinda na kukagua kila mwaka lazima zitoke kwa wanaoishi na mto.

Kilichofanyika Kenya, na Uluguru

Majirani zetu wamepiga hatua inayofaa kusomwa kwa makini, pamoja na mapungufu yake. Kaunti za Makueni, Wajir, Isiolo, Garissa na Kitui zilitangulia kuanzisha mifuko ya kaunti ya mabadiliko ya tabianchi. Makueni ilipitisha kanuni zake mwaka 2015 na kujifunga kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ilikwenda hadi asilimia 2. Mgawanyo wenyewe uliandikwa: asilimia 70 ya fedha za uwekezaji kwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, 20 kwa miradi ya kaunti, na isiyozidi 10 kwa uendeshaji. Kamati za wadi zikachagua mabwawa, visima na uzio wa vyanzo vya maji, mambo ambayo ofisa wa mbali angeyaona madogo. Mwaka 2021 serikali ya kitaifa na wafadhili waliupanua mfumo huo kwa kaunti nyingine kupitia programu ya FLLoCA. Kwetu pia mfumo wa aina hiyo ulijaribiwa katika wilaya za wafugaji za Longido, Monduli na Ngorongoro, kwa hiyo hauwezi kukataliwa kwa kisingizio kwamba ni mgeni.

Upungufu wa mfumo huo uko mpakani. Mfugaji wa Wajir wakati wa kiangazi kikali huvuka na ngamia wake kuingia Isiolo, na kisima kipya kilichochimbwa kwa nia njema upande mmoja huvuta mifugo ya pande zote na kumaliza malisho ya akiba ambayo wazee wa Waborana, kupitia taasisi yao ya dedha, walikuwa wameyafunga kwa ajili ya miezi mibaya. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, ulionyesha kwamba mfuko mzuri wa kaunti moja hautoshi iwapo malisho ni ya kaunti tatu. Kenya ina mlango wa kisheria wa kulitatua hilo: Ibara ya 189 ya Katiba ya 2010 inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita, ni tunda la fikra hiyo, na ina kazi iliyo wazi mbele yake, kwa kuwa Mombasa hunywa maji ya Mzima yaliyoko Taita Taveta, ya Baricho yaliyoko Kilifi na ya Marere yaliyoko Kwale.

Kuhusu nani amlipe nani, mfano ulio wazi zaidi uko Mto Tana. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nairobi hutoka bonde la juu la mto huo, hasa bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambapo watumiaji wakubwa wa maji na umeme wa chini huchangia wakulima wa juu wachimbe matuta, wapande nyasi kingoni na kuvuna maji ya mvua. Uchambuzi uliofanywa kabla ya kuuanzisha ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwa namna hiyo, faida ndani ya miaka 30 ingefika dola milioni 21.5, kwa tope kidogo mabwawani, maji safi zaidi na mavuno bora mashambani. Hapa Tanzania, wakulima wa milima ya Uluguru, ambako Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia, waliwahi kulipwa kwa kutunza miteremko chini ya mpango wa CARE na WWF, walipaji wakiwa shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, na Coca-Cola. Ule ulikuwa mradi, haukuwa sheria. Lakini ulithibitisha kwamba mkulima wa Tanzania anaelewa haraka sana biashara ya kuuza mteremko usiomomonyoka, mradi mnunuzi alipe kwa wakati.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni kwamba vyombo vimeshajaa: ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ipo TARURA, na yupo mkuu wa mkoa. Vyote vina kazi muhimu, lakini hakuna hata kimoja kinachojaza pengo hili. Bodi ya bonde, yenye makao Morogoro, hutoa vibali vya matumizi ya maji. Haizoi taka wala haitoi vibali vya ujenzi. NEMC hukagua na kutoza faini. TARURA, tangu ianzishwe mwaka 2017, inashughulikia barabara na mitaro yake. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam anaweza kuwaita wakurugenzi wake wote asubuhi moja, ila Kisarawe iko Pwani na haimhusu. Tazama sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ni moja kwa nchi nzima, lakini mita hizo 60 upande mmoja zinaweza kulindwa na upande wa pili zikajengwa, kwa sababu anayekagua si yuleyule na bajeti ya kukagua si ileile.

Pingamizi la pili ni fedha: halmashauri zinalia njaa, zitachangia nini? Hapa tuna jibu la nyumbani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Ilipoandikwa kwenye sheria, fedha zilipatikana. Utaratibu huohuo unatupa na onyo, kwani mwaka 2023 Serikali iliusimamisha ili kuurekebisha baada ya ukaguzi kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoeleweka. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo mchango wa asilimia 1 ya mapato ya ndani kwa ajili ya bonde hauhitaji muujiza wa kifedha, unahitaji kifungu cha sheria na ukaguzi wa wazi tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa ni asilimia, Ilala, iliyo miongoni mwa halmashauri zinazokusanya zaidi nchini, itatoa kingi na Kisarawe itatoa kidogo, kama inavyostahili.

Pingamizi la tatu lina uchungu wa haki. Gesi zilizobadilisha tabianchi zilitoka kwenye viwanda na magari ya nchi tajiri; kwa nini muuza genge wa Tabata alipie? Kimaadili, hoja hiyo haina jibu, na wajumbe wetu kwenye mikutano ya kimataifa watafanya vyema kuendelea kudai fidia. Lakini fidia hiyo huja polepole, na inapokuja hupita kwenye tundu la sindano la masharti ya kiuhasibu. Halmashauri nne zenye mfuko mmoja, hesabu moja iliyokaguliwa na mpango mmoja wa bonde zina nafasi kubwa ya kufikiwa na fedha hizo kuliko halmashauri nne zinazoandika maandiko manne ya mto mmoja. Kaunti za Kenya zilianza kwa fedha zao chache, na mifuko hiyo ndiyo ikawa mlango wa fedha za FLLoCA.

Pingamizi la nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote: chombo cha pamoja kinaweza kufifisha uwajibikaji. Mwananchi wa Vingunguti anamjua diwani wake. Atamkaba nani kamati ya bonde ikiharibu? Jibu liko kwenye ukubwa wa chombo chenyewe. Kamati isiwe na madaraka ya kutunga kodi wala ya kuajiri jeshi la watumishi. Iundwe na madiwani wanaoendelea kuwajibika kwenye mabaraza yao, ihudumiwe na wataalamu wachache wa maji, misitu na fedha, na kila mwaka itoe hesabu mbele ya mabaraza yote manne, na hesabu hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata kuanzia Kisarawe hadi Hananasif. Kisarawe ilipwe kwa kipimo, yaani eneo la msitu lililosimama na mteremko uliopandwa, si kwa idadi ya miche iliyogawiwa siku ya sherehe. Mradi wowote wa mtaro au ukuta wa kingo ndani ya bonde upite kwenye kamati kwa swali lile moja la maji yanakokwenda. Na vibali vya mchanga vitolewe kwa kiwango kimoja bonde zima, ili mchimbaji aliyefukuzwa upande huu asihamie ng'ambo siku hiyohiyo.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, takriban milioni moja zaidi ya waliohesabiwa miaka kumi kabla yake. Wanaokuja watajenga mahali, watatupa taka mahali na watapikia mkaa uliokatwa mahali. Halmashauri zitaendelea kukutana, kupiga picha ya pamoja na kutoa maazimio, na hayo si mabaya. Lakini mwananchi anayetaka kujua kama ushirikiano umeanza kweli hana haja ya kusoma maazimio. Afungue vitabu vya bajeti vya Kisarawe, Ilala, Ubungo na Kinondoni, atafute kifungu kimoja chenye jina moja na asilimia moja katika vyote vinne. Kikikosekana hata katika kimoja, hao bado ni majirani wanaopeana pole baada ya mvua.